Rangi Imekataa Kushika

Wanaonunua makabati ya jikoni yaliyokwisha kuundwa, yale ya mbao tupu yanayopangwa mbele ya karakana mpaka barabarani, hudhani shughuli imeisha siku yanapoingia ndani. Katika nyumba hii ndipo shughuli ilipoanza. Yaliingia Jumamosi, matatu ya chini na mawili ya kutundika, na mwenye nyumba akayagongagonga kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Haya sasa ni makabati," alisema. "Siyo zile mbao zako za kuegesha juu ya matofali."

"Hizo mbao zangu ndizo zimekulisha miaka yote," mkewe alimjibu, lakini alikuwa anacheka.

Mume alikuwa dereva wa basi la shule, na mke alikuwa mpishi. Kila siku Mpishi alipika kwenye jiko la kuazima, nyuma ya nyumba ya rafiki yake, akabeba masufuria mpaka lango la kiwanda cha nguo, akawauzia mafundi cherehani chakula cha mchana wakiwa wamesimama juani. Sasa kiwanda kilitaka mpishi mmoja wa kuwapikia wote, kwa mkataba. Walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na mama mmoja wa mtaa wa nyuma aliyekuwa na jiko la vigae. Mafundi walimtaka yeye. Kilichobaki ni jiko lake kupitishwa na afisa wa afya.

Afisa alikuja Jumatatu asubuhi, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya kutembelea sana. Alifungua mlango wa kabati, akapitisha kiganja juu ya ubao.

"Mbao tupu sipitishi," alisema. "Mchuzi ukimwagika hapa unazama, na ukizama hautoki. Pakeni rangi ngumu, ya kung'aa, ambayo ukipitisha kitambaa uchafu unaondoka. Nitarudi Ijumaa asubuhi. Mchana napeleka majibu kiwandani."

"Ijumaa utakuta yanang'aa mpaka unajiona, mheshimiwa," alisema Dereva.

"Sina haja ya kujiona. Nataka yafutike."

Pembeni, kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, alikuwa amekaa Bibi, mama yake Dereva. Afisa alimwamkia, Bibi akaitikia. Hakuna mwingine aliyemsemesha.

*

Bibi alikuwa ameletwa kukaa na mwanawe mwanzo wa mwaka, baada ya magoti kumsumbua na nyumba yake kubaki bila mtu wa kumchotea maji. Walimpokea vizuri. Walimpa chumba chenye dirisha, walimpa godoro jipya. Tatizo lilikuwa moja tu: kila alipoinuka, walikimbilia kumkalisha. Akishika ufagio, unachukuliwa. Akisogelea vikombe, Mpishi anamkimbilia na mikono yenye povu.

"Mama, jamani, utanitia aibu! Watu waseme mkwe wangu ndiye ananioshea vyombo? Kaa upumzike."

Basi alipumzika. Alipumzika asubuhi, akapumzika mchana, mpaka mwili ukamuuma kwa kupumzika.

Makabati yalipoingia, yeye ndiye aliyeyatazama kuliko wote. Mbao zilikuwa nyeupe, kavu, zenye unga wa msumeno kwenye pembe. Bibi alikuwa ameishi na vyombo vya mti tangu usichana wake, mwiko, bakuli, kinu, na hakuna hata kimoja kilichompasukia, kwa sababu kila kimoja alikipaka mafuta kikanywa kikashiba. Jumapili walipotoka wote, na tena Jumatatu afisa alipoondoka na Dereva na Mpishi wakashika njia zao, alimimina mafuta ya kupikia kwenye kisosi, akachana fulana kuukuu, akaanza kusugua. Alianza na milango, nje na ndani. Mistari ya mti ikajitokeza kama mishipa ya mkono. Ilikuwa kazi nzuri. Alipomaliza aliosha kisosi, akarudi kwenye kigoda chake, akangoja mtu aone.

Dereva aliporudi mchana na kopo la rangi nyeupe, aliona.

"Fundi katuuzia mbao ya maana," alimwambia mkewe. "Tazama ilivyoiva rangi yake."

Bibi alitabasamu peke yake. Kwake hayo yalikuwa ndiyo asante.

*

Kupaka rangi, Dereva hakutaka fundi. "Rangi ni kitu cha kumlipa mtu? Unachovya, unapaka." Alipiga msasa juu juu, akafungua milango kwenye bawaba, akailaza juu ya viti barazani, akachanganya rangi na thina kwa kijiti. Harufu ikajaa nyumba nzima. Watoto wawili walifukuzwa wakacheze kwa jirani.

"Mwanangu," alisema Bibi kutoka kwenye kigoda, "hiyo mbao nimekwisha..."

"Mama, harufu hii itakupa kichwa. Nenda nje kwenye kivuli, upumzike."

"Nilikuwa nasema hiyo mbao..."

"Mke wangu, msaidie mama na kigoda chake."

Mpishi akabeba kigoda kwa mkono mmoja, akamshika Bibi kwa mkono mwingine, akamtoa nje kama mtu anayehamisha ua kwenye kopo. Bibi alijiambia kwamba ngozi ikipakwa mafuta kwanza hupendeza zaidi, na bila shaka mbao ni hivyo hivyo.

Kesho yake asubuhi Mpishi aliamka kabla ya wote kwenda kuangalia makabati yake. Kwenye mlango wa kwanza rangi ilikuwa imejikusanya visiwa visiwa, katikati yake ubao ukionekana. Kwenye wa pili ilikuwa imekunjamana kama utando wa maziwa. Aligusa kwa kidole gumba. Ikamfuata. Akavuta kidogo, na kipande kikubwa kikabanduka kizima kizima, laini, kikaning'inia mkononi mwake.

"Baba watoto! Njoo uone rangi yako!"

"Rangi yangu? Si jikoni kwako?"

"Umetia thina nyingi."

"Thina nimetia kama alivyosema muuzaji. Labda ulipitisha kitambaa chenye maji."

"Mimi? Mimi nilikuwa nakushikia kopo kama mtumwa!"

Waliendelea hivyo mpaka basi la shule likachelewa na Dereva akatoka bila kunywa chai. Mpishi alitaka kupikia watu wake akakuta chupa ya mafuta imeshuka chini ya nusu. Akaiinua kwenye mwanga.

"Na mafuta nayo yanakwenda wapi humu ndani? Nani anakunywa mafuta?"

"Mimi nilichukua kidogo," alisema Bibi, "kwa ajili ya..."

"Chukua tu, mama, chukua, wewe siyo wa kuulizwa," alisema Mpishi, akiwa tayari mlangoni na sufuria kichwani. "Hawa watoto ndio nitawakamata."

*

Duka la rangi lilikuwa na watu. Mwenye duka aliinua kile kipande cha rangi kilichobanduka, akakipeperusha mbele ya mafundi wawili waliokuwa wakingoja misumari.

"Nani alipaka?"

"Mume wangu."

"Kazi yake nini?"

"Dereva."

"Basi mwambie aendeshe."

Mafundi wakacheka. Mmoja wao akasema, "Labda alipaka akiwa gia ya nne," wakacheka tena. Mpishi alisimama na mkoba wake kifuani. Mmoja wa waliocheka alikuwa akinunua chakula kwake kila siku, na kila siku Mpishi alikuwa akimwongezea mchuzi bila kuombwa. Alimtazama mpaka yule fundi akaanza kuhesabu misumari.

"Rangi yangu haina kosa, mama," mwenye duka aliendelea. "Wamenunua wengi, hakuna aliyerudi. Mbao ilikuwa safi? Haikuwa na mafuta?"

"Mafuta ya nini? Makabati mapya! Hata kijiko hakijaingia humo. Naapa mbele yako, hakuna tone la mafuta lililogusa zile mbao."

"Basi ni unyevu. Au ni mkono. Kwangueni yote, pigeni msasa mpaka mbao iwe nyeupe tena, mrudie. Msasa uko pale. Kopo dogo lipo."

Alilipa kwa fedha aliyokuwa ameiweka ya maharage. Njiani alijipa moyo kwamba Ijumaa bado iko mbali, na aliendelea kujipa moyo huo mpaka alipofika nyumbani na kukuta Dereva anamngoja.

"Amesemaje?"

"Amesema uendeshe."

"Nini?"

"Amesema tukwangue."

Walikwangua jioni ile, mume upande huu, mke upande ule, bila kusemeshana isipokuwa "nipishe" na "shika hapa". Unga mweupe uliwakaa kwenye nyusi. Bibi alikuwa akitazama kutoka chumbani kwake, na kila msasa ulipopita alikunja uso kana kwamba ni goti lake linalosuguliwa.

Jumatano asubuhi, nyumba ilipobaki kimya, alikwenda akagusa ubao. Ulikuwa umeparara kuliko siku ulipokuja. Akaichukua chupa.

Mchana Dereva alipaka tena. Safari hii alipaka polepole, ulimi nje, kama mtoto anayejifunza kuandika.

*

Alhamisi kabla ya jua kutoka, rangi ilikuwa inateleza chini ya kidole.

Dereva hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni katikati ya makabati na brashi iliyokauka mkononi.

"Nimedhalilishwa na watu wengi maishani," alisema. "Sijawahi kudhalilishwa na mbao."

"Kesho afisa anakuja," alisema mkewe.

"Najua kesho ni Ijumaa."

"Wakimpa yule wa jiko la vigae, mimi nitauza wapi? Mkataba ukianza, langoni hawamruhusu mtu tena. Walinzi wamekwisha kuniambia. Siyo kwamba nitakosa kupanda, nitakosa hata pale nilipo."

"Tangu uanze habari ya mkataba nyumba hii haina amani."

"Amani unakula?"

"Jamani," Bibi aliita kutoka kwenye kigoda. "Nisikilizeni na mimi."

"Mama, siyo sasa!" walisema wote wawili, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana wiki nzima.

Dereva alikwangua yote tena baada ya safari yake ya asubuhi, kwa hasira, mpaka unga ukaruka hadi dirishani, kisha akakimbilia gari lake. Mpishi alikuwa langoni mwa kiwanda. Lakini siku hiyo alikuwa amesahau mfuniko wa sufuria kubwa, na nzi walikuwa wengi, akamwachia rafiki yake biashara, akarudi nyumbani mbio.

Alisikia sauti kabla ya kufika barazani. Ilikuwa ya Bibi, ndogo, ya kubembeleza.

"Wamekukwangua tena. Pole. Wana haraka hawa, hawajui. Kunywa, kunywa taratibu."

Bibi alikuwa amepiga magoti yale yanayomuuma, mlango wa kabati mbele yake juu ya kiti, kitambaa cha fulana kimelowa mkononi, kisosi cha mafuta kando. Milango minne ilikuwa imekwisha kung'aa. Alipomwona mkwewe aliinua uso wenye furaha, kwa kuwa hatimaye mtu alikuwa ameona.

Mpishi alishika nguzo ya baraza.

"Mama. Unafanya nini?"

"Naipaka. Mnaisugua kila siku mpaka inatoa unga. Niliona itapasuka."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipokuja."

"Kila siku?"

"Kila mkiikwangua."

Mpishi aliona kila kitu mara moja: chupa iliyoshuka, visiwa vya rangi, kiapo chake dukani, yule fundi akicheka na mchuzi wake tumboni.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema, mwanangu. Mkaniambia nipumzike."

Hapo ndipo angenyamaza. Mfuniko alioufuata ulikuwa palepale kwenye ndoano, angeuchukua akaenda zake, hasira ikaishia njiani. Hakunyamaza.

"Umeniua!" alipiga kelele, na majirani wakasikia. "Umenikata mikono! Nimekulisha, nimekufulia, nawe unaniharibia chungu changu! Hiyo mikono yako isiguse tena kitu katika nyumba hii! Hata kikombe! Umesikia? Hata kikombe!"

Bibi alikikunja kile kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya kisosi. Mafuta yaliyobaki kwenye viganja alijipaka kwenye viwiko, yasipotee bure. Kisha akajiinua kwa kushika kiti, taratibu, goti moja kwanza, na Mpishi hakumsaidia.

*

Dereva aliporudi na kusikia habari, alikwenda akasimama mbele ya mama yake.

"Mama..."

"Nimekaa, mwanangu. Napumzika."

Walifanya waliloweza. Waliosha milango kwa maji ya moto na sabuni, wakaifuta kwa thina mpaka macho yakawatoka machozi, na yale machozi hakuna aliyeuliza ni ya thina tu au la. Walikwangua mara ya tatu. Walipaka kabla jua halijazama, wakafungua madirisha yote, na Mpishi akasimama akipepea makabati kwa sinia kama anayepepea mgonjwa. Safari hii rangi ilishika. Ilitulia juu ya mbao nyeupe, nyororo, bila kisiwa hata kimoja. Ilichohitaji ni siku moja na nusu tu ya kukauka.

Afisa wa afya alifika asubuhi kama alivyosema. Alisimama katikati ya jikoni, akatazama juu na chini, na uso wake ukalegea kidogo.

"Mmejitahidi," alisema. Kisha akaweka kidole kwenye mlango wa kabati. Kidole kikarudi cheupe, na mlango ukabaki na alama yake.

"Hii imepakwa jana."

"Jana, mheshimiwa, lakini kesho itakuwa ngumu kama sahani."

"Kesho sipo huku. Na majibu yanakwenda mchana."

"Andika tu kwamba imepakwa. Si unaona imepakwa?"

"Mama, mimi naandika kinachofutika. Nikipitisha kitambaa hapa sasa, utaondoka uchafu au itaondoka rangi?"

Dereva alisema kwamba kulikuwa na matatizo ya nyumbani, afisa akasema kila nyumba ina yake. Alikuwa ameinua kidole chake juu, mbali na nguo, akitafuta pa kukifutia. Dereva alimletea kopo la thina. Afisa akarudi nyuma.

"Hiyo itanichuna. Hamna kitu kingine?"

"Mafuta ya kupikia yanatoa," ilisema sauti kutoka kwenye kigoda. Bibi alikuwa amekaa na mikono yake miwili chini ya mtandio, haionekani.

"Ehee, kweli, mafuta. Yako wapi?"

Dereva akamtazama mkewe. Mkewe akatazama chupa tupu juu ya meza.

"Yamekwisha," alisema Bibi.

Afisa aliondoka na kidole chake cheupe.

*

Mkataba ulikwenda kwa mama wa jiko la vigae. Mafundi cherehani walimsikitikia Mpishi kwa siku chache, kisha wakazoea chakula kipya. Yeye alihamia kwenye kituo cha mabasi, mbali zaidi, ambako wauzaji walikuwa wengi na hakuna aliyemjua kwa jina la mchuzi wake.

Makabati yalikauka vizuri. Yanang'aa mpaka unajiona, na ukipitisha kitambaa uchafu unaondoka, isipokuwa pale penye alama ya kidole. Dereva alitaka kupapaka upya. Mkewe akamwambia aache.

Bibi hakurudi kwake, hakulia, hakumshtaki mkwewe kwa ndugu. Alitii tu. Akisikia kiu, aliuliza, "Naruhusiwa kugusa kikombe?" Aliuliza bila kejeli, mbele ya watoto na mbele ya wageni, na Mpishi kila mara alisema, "Mama, jamani, gusa," na kila mara Bibi alingoja mpaka akabidhiwe mkononi. Chakula kikipakuliwa, mikono ilibaki chini ya mtandio mpaka aambiwe. Mpishi aliomba radhi mara ya kwanza akiwa amesimama, mara ya pili akiwa amepiga magoti. Bibi alimjibu, "Yamekwisha, mwanangu," kwa sauti ileile aliyojibu habari ya mafuta.

Siku moja, kabla ya kwenda kituoni, Mpishi aliuchukua mwiko wake mkubwa wa kupikia, akaona ufa mdogo umeanza kwenye shingo. Ulikuwa umeparara, mweupe kwa kuoshwa. Kisha alichukua chupa mpya ya mafuta, ambayo hakuwa ameifungua, akachukua kisosi, akaenda navyo mpaka kwenye kigoda.

"Mama," alisema. "Mwiko umekauka. Mimi sijui unavyopakwa."

Bibi aliutazama mwiko. Aliutazama ule ufa hasa. Chini ya mtandio mikono ilisogea kidogo, halafu ikatulia.

"Weka hapo," alisema. "Nikimaliza kupumzika nitautazama."